Kabla ya kuilaumu mvua ya Kilosa, pimeni mchanga

NDUGU Mhariri,

Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma Julai 2024, kuna kauli imezoeleka hapa Dar es Salaam, kuanzia vijiwe vya Gerezani hadi Kariakoo: reli ya zamani pale Kilosa iachiwe mto. Wanasema bonde hufurika kila mara, Wajerumani walikosea kupitisha reli pale, na sasa nchi ina mahandaki ya reli mpya, basi fedha za nini kuzikwa kwenye matope? Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuijibu kauli hiyo.

Tuanze na Wajerumani, maana wao wanasingiziwa. Msafiri wa reli ya zamani akitoka Dar es Salaam hufika Morogoro kwenye kilomita ya 202, kisha hukata uwanda wa Mkata, tambarare tupu, hadi Kilosa karibu na kilomita ya 283. Hapo uwanda unakwisha ghafla. Mbele imesimama milima ya Rubeho na Ukaguru, na katikati yake kuna upenyo mmoja tu, uliochimbwa na mto Mkondoa. Reli inaingia humo ikiwa bega kwa bega na mto, inapita Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode, inatokea Gulwe baada ya kama kilomita 80, ndipo inapoanza kupanda kuelekea Dodoma. Kilosa haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma imezidi 1,100. Injini ya mvuke ilihitaji mambo mawili ambayo bonde liliyatoa bure: mwinuko wa taratibu na maji ya kunywa. Misafara ya watembea kwa miguu ilikuwa imekwishaichagua njia hiyo zamani, na haikuwa kwa kutojua adha zake. Msafiri wa Kizungu Stanley alipopita mwaka 1871 masika ilimkuta kwenye uwanda wa Mkata, akahangaika kwenye maji na matope kabla hajafika vilimani, miaka karibu 40 kabla ya reli kuwapo.

Wanaosema reli ingepandishwa mlimani wakumbuke kuwa mwinuko una gharama zake. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kwenda Dodoma ilirudi nyuma karibu na Igandu, ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakapoteza maisha. Mahali penye breki na uzito wa mabehewa, kila mita ya kupanda inahesabiwa.

Kilosa ni mtoto wa upenyo huo. Mwaka 1884, kabla ya reli kuwazwa, Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta koloni, alipita katika nchi hii ya Wasagara akikusanya alama za watawala kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Ya Mangungo wa Msowero ndiyo inayokumbukwa zaidi shuleni. Hata jina la stesheni ya Munisagara, ambalo abiria hulisoma dirishani bila kulitilia maanani, ni la mtawala mwingine aliyetajwa katika mikataba hiyo. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mkandarasi akiwa kampuni ya Philipp Holzmann. Morogoro ilifikiwa mwaka 1907, Kilosa 1909, Tabora 1912, Kigoma 1914. Katani ya Kimamba na pamba ya uwandani zikapata mlango wa kwenda bandarini, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka ya mabaraza mapana. Agosti 1916 Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja, na jeshi la upande wa Waingereza likaingia Kilosa kwa kulifuata bonde lile lile. Baadaye kikaja kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani na mji, na wakulima wengi wa mahindi nchini wanazijua mbegu zake bila kujua zilikotoka.

Mwaka 1965 tawi la reli lililopita Mikumi lilifika Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero, na Kilosa ikawa njia panda. Huko Kidatu ndipo reli yetu yenye upana wa milimita 1,000 inapokutana na ya TAZARA, iendayo Zambia, yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne, lakini kwa ajili ya vidole hivyo vinne mzigo wote unashushwa behewa hili na kupakiwa lile.

Mji wa njia panda una tabia zake. Mama lishe hupima unga wa ugali kwa kuuliza treni ya mizigo imefika wapi. Mwenye nyumba ya wageni anajua ratiba kuliko mwenye tiketi. Mashirika yalibadilika juu ya vichwa vyao: Reli za Afrika Mashariki zikavunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania (TRC), mwaka 2007 akaja mwekezaji kutoka India, mwaka 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mto haukujali jina lililoandikwa ubavuni mwa behewa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 maji yalipasua tuta la Mkondoa, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika vipande vipande. Treni zilisimama kwa miezi.

Sasa, kosa la kauli tunayoijibu liko hapa: inadhani adui ni maji. Maji yamekuwa yakipita bondeni miaka yote. Kilichobadilika ni kina cha mto: mchanga umeiinua sakafu yake. Mto Kinyasungwe, unaoleta maji kutoka upande wa Dodoma na Mpwapwa, hupita kwenye ardhi kavu isiyo na majani ya kutosha, na mvua ya kwanza hukuta udongo umelegea. Mzigo huo wa mchanga husafiri vizuri ndani ya korongo, kwa kuwa mto una mteremko na kasi. Ukifika Kilosa, mto unatoka milimani na kukutana na uwanda. Kasi inapungua, na mchanga unatuliwa pale pale, kama mpagazi anayetua mzigo mlangoni badala ya kuuingiza ndani. Ndiyo maana mji huu hauwezi kulinganishwa na miji mingine ya reli. Umejengwa mahali ambapo mto, kwa maumbile yake, hutua mzigo.

Tuchukue daraja la mfano lenye upana wa mita 30, na nafasi ya mita 4 kutoka mchangani hadi chini ya boriti. Eneo la kupitisha maji ni mita za mraba 120. Mchanga ukipanda mita moja na nusu linabaki 75. Mtu atasema tumepoteza zaidi kidogo ya theluthi. La hasha. Maji yenye kina kifupi hukimbia polepole zaidi, kwa hiyo uwezo wa daraja hilo kupitisha mafuriko unashuka hadi chini ya nusu ya ule wa awali. Daraja ni lile lile, mvua ni ile ile, na bado maji yatapanda juu ya reli. Mgeni akipita Septemba hucheka ukubwa wa daraja juu ya kijito kinachovukwa bila kuvua viatu. Aangalie nguzo zilivyofukiwa.

Makalavati, yaani mifereji midogo inayopita chini ya tuta la reli, hufa mapema zaidi, na huua kimya kimya. Korongo la pembeni huleta magogo, matawi na mchanga, kalavati linaziba, na tuta la reli linageuka bwawa ambalo halikujengwa kuwa bwawa. Maji yanakusanyika upande wa mlima hadi yanapita juu. Hayabomoi upande yanakotoka. Yanaanza kula upande wa pili, kuanzia chini, yakipanda kinyumenyume mpaka kokoto zinaanguka na reli inabaki ikining'inia pamoja na mataruma yake, yaani vile vipande vya kukingama vinavyoibeba, kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa mbali, usiku, taa ya injini inaonyesha reli mbili zilizonyooka vizuri kabisa. Dereva hana njia ya kujua kwamba chini hakuna kitu. Kwa sababu hiyo kiberenge cha ukaguzi, kile kigari kidogo cha relini, lazima kitangulie treni ya kwanza kila baada ya mvua kubwa, na mkaguzi ashuke kwenye kila kalavati aangalie upande wa chini wa tuta, siyo apite akihesabu reli.

Kwenye madaraja makubwa ugonjwa ni mwingine. Maji yakigonga ukuta wa pembeni wa daraja yanazunguka na kuchimba mguuni. Mafuriko yakipungua, mchanga hulifukia shimo hilo, na asubuhi mguu unaonekana mzima. Ukaguzi wa macho haufai hapo. Inatakiwa nondo ndefu ichomwe mchangani karibu na msingi: ikizama kwa urahisi kuliko ilivyozama mwaka uliopita, msingi umeshalegezwa. Mara nyingi daraja lenyewe hubaki limesimama, bali tuta la nyuma ya ukuta ndilo linalokwenda, na watu hupiga picha daraja linaloanzia hewani na kuishia hewani.

Je, kurudisha kunagharimu nini? Hesabu hii tunaipenda kwa sababu inanyamazisha wabishi. Tuta lenye kimo cha mita 4, juu pana mita 5, na kila ubavu ukilala mita moja na nusu kwa kila mita ya kimo, lina mita za mraba 44 ukilikata kama mkate. Likiondoka kwa urefu wa mita 100 tu, ni mita za ujazo 4,400. Kwa lori la mita za ujazo 10 ni safari 440, na hiyo ni kabla ya kushindilia, maana udongo uliolegea hunywea ukishindiliwa. Ndani ya korongo, ambako barabara ni chache, malori hayo mara nyingi hayafiki. Kila kitu kinakuja kwa reli yenyewe, kutoka upande mmoja, hadi ncha iliyokatika, kisha behewa tupu linarudi ndipo lijalo lipite. Sehemu tatu zikikatika, ya katikati haiwezi kuguswa hadi ya kwanza ipone. Hapo ndipo miezi inapokwenda.

Haraka huzaa makosa mengine. Tuta hujazwa mchanga wa mtoni kwa kuwa uko karibu, na mafuriko yajayo huuchukua kama sukari kwenye chai. Wavu wa mawe hupangwa ukiwa umekaa juu ya mchanga, bila kuzamishwa chini ya kiwango ambacho mto huchimba, ukapinduka mzima mzima. Kokoto za mviringo za mtoni humwagwa badala ya jiwe la kuvunjwa lenye kona. Za mviringo huteleza, hazishikani. Mataruma ya chuma yana shida ya peke yake: yana umbo la mtumbwi uliopinduliwa, na nguvu yake hutokana na kokoto kushindiliwa ndani ya tumbo lake. Likijaa tope badala ya kokoto, hucheza kila gurudumu linapopita, tope linatoka, na kutu inalila kutoka ndani ambako hakuna anayeona. Yakipangwa sentimita 65 toka moja hadi jingine, kilomita moja ina mataruma zaidi ya 1,500. Gangi, yaani kikosi cha kutunza njia, iliyopunguzwa watu haiwezi kuyageukia yote kabla ya mvua.

Kwa hiyo tunachosema kina ratiba. Mvua za upande wa Dodoma huanza kuelekea Desemba. Makalavati yazibuliwe hadi kufikia Oktoba, na uzibuaji usiishie mdomoni. Mita 50 za korongo upande wa juu zisafishwe magogo, la sivyo mvua ya kwanza inarudisha yote. Takataka zisiachwe kingoni, maana zilizoachwa kingoni ndizo za kwanza kurudi. Novemba iwe ya misingi ya madaraja na kuweka akiba ya mawe, mataruma na reli Kilosa na pia Gulwe. Akiba ikiwa upande mmoja tu, mto ndio utakaochagua upande.

Kuhusu mchanga wenyewe, wapo wanaosema wapewe wajenzi wauchote bure na tatizo liishe. Nusu ni kweli. Mchanga wa Mkondoa ni mali, na kuuondoa mahali palipoinuka, karibu na mji na chini yake, kunasaidia. Lakini mchotaji anayeachwa huru huchota pale lori linapofika kirahisi, yaani darajani. Shimo la mita mbili likichimbwa upande wa chini wa daraja, mafuriko hulisogeza shimo hilo kwenda juu hadi likafika kwenye msingi. Mto unaofukia daraja na mto unaochimba daraja unaweza kuwa mto mmoja, mwaka mmoja. Mipaka ya kuchota iwekewe nguzo zinazoonekana, mbali na daraja pande zote mbili.

Tuta la mji, lile linaloikinga Kilosa na mto, linahitaji neno. Mto ukibanwa na tuta, mchanga hauna pa kutawanyika, hivyo sakafu ya mto inapanda ndani ya kuta mpaka mto unakuwa juu ya barabara za mji. Tuta haliwezi kuwa dawa ya peke yake. Hata hivyo lililopo linaweza kuuawa kwa mambo madogo kabisa. Wafyatua matofali huchimba udongo mguuni mwake, kwa kuwa ni udongo mzuri wa mfinyanzi. Ng'ombe hukata njia juu yake. Njia iliyoshuka sentimita 30 inatosha, kwa sababu maji hayahitaji tuta zima lishuke, yanatafuta mahali pamoja. Panya na mchwa hutoboa. Mti mkubwa ukioza, mzizi wake unabaki bomba. Ukarabati wake ni udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa kiasi, kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine, kisha nyasi. Kumwaga malori kumi ya kifusi na kupitisha katapila juu mara moja ni kupaka rangi jeneza. Na mgawanyo wa sasa wa majukumu, ambapo tuta la reli ni la huyu na tuta la mji ni la yule, haumo kwenye ramani ya mto. Vyumba vya watu wa Mbumi na Magomeni ya Kilosa na mataruma ya reli vinategemea kina kile kile cha mto.

Huko juu, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Isimamiwe Kidete na Godegode kama inavyosimamiwa kwenye mito ya mjini, ingawa tunakiri mfano huo wa mjini si wa kujivunia. Mabwawa ya kupunguza kishindo yanazungumzwa tangu Bwawa la Kidete libomoke. Yanafaa, kwa sharti kwamba mchora ramani anaweka bajeti ya kuondoa tope tangu siku ya kwanza. Bwawa la Ikowa, lililojengwa miaka ya 1950 kwenye maji hayo hayo ya Kinyasungwe, lilijaa tope kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Bwawa lililojaa halizuii kitu.

Na reli mpya? Imekwepa mengi. Geji, yaani upana wa njia, ya milimita 1,435, madaraja marefu na mahandaki manne katika milima ya Kilosa vimeiinua juu ya sehemu kubwa ya balaa la mto. Pamoja na hayo, makorongo ya pembeni yanapita chini yake kabla ya kufika Mkondoani, na kalavati la zege huziba kama la Mjerumani. Isitoshe, behewa la milimita 1,000 haliwezi kupanda njia ya milimita 1,435, hivyo mizigo ya Tabora, Kigoma, Mwanza na Isaka inayotumia reli ya zamani haitaokolewa na handaki.

Ombi letu la kuanzia ni dogo kuliko mradi wowote unaozungumzwa. Kila daraja kati ya Kilosa na Gulwe lipakwe ukutani vipimo vya rangi nyeupe na nyeusi, kila sentimita 10, kuanzia chini ya boriti kushuka hadi mchangani. Kila mwisho wa Septemba, mto ukiwa mkavu, mtu mmoja apite na kiberenge asome namba: imebaki nafasi ya mita ngapi. Mkebe wa rangi, brashi, futi kamba na daftari. Namba za mwaka huu na za mwaka uliopita zibandikwe stesheni ya Kilosa, kando ya ubao wa ratiba, watu wa mji wazione kabla ya Desemba.

Wastaafu wa kazi za njia na madaraja ya reli,
Gerezani, Dar es Salaam